Urea niliyoweka imeishia wapi? Jibu kuhusu N-15 na mahindi

Swali: Mimi ni afisa ugani niliyerudi chuoni kusoma shahada ya uzamili. Nataka kujua mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanachukua kiasi gani cha nitrojeni ya urea tunayowashauri wakulima wakuzie. Msimamizi wangu amesema nitumie isotopu N-15. Tatizo, nikitaja neno "isotopu" kijijini naulizwa kama naleta mionzi ya nyuklia shambani. Je, kuna hatari? Njia hii inatoa jibu la kweli kuliko kulinganisha tu ploti yenye mbolea na isiyo nayo? Na je, naweza kuitumia kwa fosfeti ya Minjingu, na kwa mbaazi zilizochanganywa na mahindi? Bajeti yangu ni ndogo.

Jibu: Ndugu yangu, nianze na wanakijiji, maana wasipokubali huna shamba la kufanyia kazi. Waambie bila wasiwasi kwamba N-15 haina mionzi. Kila atomu ya nitrojeni ina protoni 7 kwenye kiini chake. Nitrojeni ya kawaida, N-14, ina nyutroni 7 na N-15 ina 8. Tofauti ni hiyo tu, uzito kidogo, na atomu za aina moja zinazotofautiana hivyo ndizo huitwa isotopu. Kiini chake kimetulia, hakivunjiki na hakitoi chochote, leo wala baada ya miaka elfu. Tena wanayo tayari. Katika hewa wanayovuta, katika ugali na katika miili yao, asilimia 0.366 ya nitrojeni yote ni N-15, yaani karibu atomu moja katika kila 273. Mfuko wa kilo 50 wa urea ya dukani una kilo 23 za nitrojeni, na ndani yake kuna zaidi ya gramu 80 za N-15 ambazo hakuna aliyewahi kuzilipia wala kuzilalamikia. Wewe unaleta urea ileile ambayo kiwandani sehemu ya N-15 imeongezwa, tuseme hadi asilimia 5 au 10. Unaishika na kuihifadhi kama urea nyingine, na huhitaji kibali cha mionzi.

Nitrojeni yenye mionzi ipo pia, N-13, lakini hupungua nusu kila baada ya dakika 10 hivi. Ukiitengeneza Dar es Salaam itakuwa imekwisha hata hujafika Kibaha. Ndiyo maana kwa kazi ya shambani N-15 haina mshindani.

Wazo lenyewe lina miaka mia. Mwaka 1923 George de Hevesy aliweka mimea ya Vicia faba, jamii ya maharage, kwenye maji yenye madini ya risasi ya mionzi akafuatilia madini hayo yakipanda kutoka mizizini. Huo ndio mwanzo wa kutia alama kirutubisho ili kukifuata ndani ya mmea, na kazi yake ya kutumia isotopu kama alama ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. N-15 yenyewe iligunduliwa mwaka 1929 na Mwafrika Kusini, Stefan Meiring Naudé, akiwa Chicago. Hilo husahaulika sana madarasani mwetu. Miaka ya 1940 ilipoanza, mtafiti Burris na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walikuwa tayari wanaitumia kuchunguza bakteria wanaofunga nitrojeni ya hewa.

Sasa hesabu. Mmea hautofautishi N-14 na N-15 kiasi cha kuharibu kipimo chako ukitumia mbolea iliyoongezwa alama ya kutosha. Kwa hiyo nitrojeni ya udongo inaingia kwenye mahindi ikiwa na N-15 ya kawaida, ya mbolea inaingia ikiwa na N-15 nyingi, na mmea unakuwa mchanganyiko wa hizo mbili. Ukijua mchanganyiko umekaaje, umejua kila upande umechangia nini:

Asilimia ya nitrojeni ya mmea iliyotoka kwenye mbolea = (ziada ya N-15 kwenye mmea ÷ ziada ya N-15 kwenye mbolea) × 100

"Ziada" ni kile kilichozidi kiwango cha asili. Tuchukue mfano wa kubuni. Urea yako ina asilimia 5 ya N-15, kwa hiyo ziada yake ni 5 kutoa 0.366, yaani 4.634. Umeweka kilo 60 za nitrojeni kwa hekta. Umevuna punje kilo 3,500 zenye nitrojeni asilimia 1.5, na mabua kilo 4,000 yenye asilimia 0.7. Punje zina kilo 52.5 za nitrojeni, mabua kilo 28, jumla kilo 80.5. Maabara inakuambia punje zina N-15 asilimia 1.756. Toa 0.366, unabaki na 1.390. Gawa kwa 4.634, unapata asilimia 30. Mabua tuseme yametoa asilimia 32. Hivyo kwenye punje kuna kilo 15.75 zilizotoka kwenye mbolea, kwenye mabua kilo 8.96, jumla kilo 24.7. Gawa kwa 60 ulizoweka: mahindi yamechukua asilimia 41 ya mbolea yako.

Angalia namba iliyojificha hapo. Kati ya kilo 80.5 zilizo kwenye mahindi, karibu kilo 56 zimetoka kwenye udongo. Hata kwenye ploti iliyokuziwa vizuri, udongo ndio uliolisha sehemu kubwa ya zao. Nimebuni mfano huu, lakini picha yake ni ya kawaida kabisa: majaribio mengi ya N-15 kwenye nafaka yameonyesha zao likichukua chini ya nusu ya mbolea msimu wa kwanza, na nitrojeni nyingi zaidi ikitoka ardhini. Kwa afisa ugani hilo ni jambo la kumwambia mkulima anayechoma mabaki ya shamba kila mwaka akitegemea mfuko peke yake.

Tuje kwenye swali lako gumu, kama jibu hili ni "la kweli kuliko" lile la kulinganisha ploti mbili. Hapa wanafunzi wengi huteleza, na hata makala zilizochapishwa huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika mfano wetu tuseme ploti isiyo na mbolea imetoa kilo 45 za nitrojeni. Yenye mbolea imetoa 80.5. Tofauti ni 35.5, na ukigawa kwa 60 unapata asilimia 59. Njia ya isotopu imesema 41. Mwanafunzi anashtuka, anaamua moja ni sahihi na nyingine ni makosa, na kwa kuwa isotopu imetumia mashine ya gharama, anaipa ushindi. Hapana. Zimejibu maswali mawili tofauti.

Urea ikishayeyuka na kugeuka amoniamu, mahindi hayako peke yao mezani. Bakteria na kuvu wa udongo nao wanahitaji nitrojeni, na wao ndio walio karibu zaidi. Wanameza amoniamu ya mbolea yenye alama, na wakati huohuo wanapomeng'enya mboji wanaachia amoniamu isiyo na alama. Mmea unachukua iliyopo. Chukulia umeweka kwenye SACCOS shilingi laki moja kwa noti ulizozitia alama ya wino, na kesho yake mwanachama mwenzako akakopa laki moja. Mkopo wake umewezekana kwa sababu ya pesa yako, ila noti alizopewa zinaweza kuwa nyingine kabisa, zako zikabaki sandukuni. Anayehesabu noti zenye wino mfukoni mwa mkopaji atasema mchango wako ni mdogo. Anayeuliza kama mkopo ungepatikana bila wewe atasema mchango wako ni mkubwa. Wote wawili wamehesabu sawasawa. Jenkinson, Fox na Rayner wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1985, na tangu hapo hakuna kisingizio cha kulichanganya.

Kuna sababu ya pili, inayosukuma namba ya tofauti kuelekea juu: mahindi yaliyopata mbolea yanaota mizizi mingi na mirefu zaidi, na kwa mizizi hiyo yanakomba nitrojeni ya udongo ambayo mahindi dhaifu ya ploti ya pili hayakuifikia. Hiyo inahesabika kama faida ya mbolea kwenye njia ya tofauti, na ni haki ihesabike, kwa sababu mkulima ameipata kweli. Lakini si atomu za mbolea.

Kwa hiyo ushauri wangu, na wengine wanaweza kubishana nao: kama swali lako ni "mkulima akiweka mfuko mmoja zaidi atavuna nini zaidi", usinunue N-15. Weka ploti zenye viwango tofauti vya mbolea, pima mavuno, ongeza vijiji. Pesa ya isotopu itakununulia maeneo zaidi, na maeneo ndiyo utakayokosa. Kama swali lako ni "atomu nilizoweka ziko wapi sasa", hapo hakuna njia nyingine. Ploti isiyo na mbolea iwepo hata hivyo. Haigharimu kitu, na bila hiyo huwezi kueleza tofauti kati ya 59 na 41.

N-15 inang'aa zaidi pale unapogawa mbolea. Tuseme pendekezo ni kilo 20 za nitrojeni wakati wa kupandia na kilo 40 wakati wa kukuzia. Kwenye ploti ndogo ya kwanza unatia alama mbolea ya kupandia peke yake na kukuzia kwa urea ya kawaida. Kwenye ya pili unafanya kinyume. Mimea yote imelishwa sawasawa, imekua sawasawa, ila sasa unajua kila awamu imechukuliwa kiasi gani. Njia ya tofauti haiwezi kukupa hilo, kwa sababu ukiondoa awamu moja umebadilisha mmea wenyewe. Vivyo hivyo kwa urea iliyofukiwa na ile iliyomwagwa juu. Na kwa mbolea ya CAN, ambayo ndani yake kuna amoniamu na nitrati, unaweza kununua amoniamu nitrati yenye alama upande wa amoniamu tu au upande wa nitrati tu, ukaona mmea umependelea ipi.

Kisha kuna nitrojeni ambayo haikuingia kwenye mmea. Katika mfano wetu mbolea iliyobaki ni kilo 35. Ukipima N-15 kwenye udongo pamoja na mizizi yake, tuseme unakuta kilo 18. Kilo 17 hazionekani. Zimetoka ama kama amonia iliyopaa kutoka kwenye urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu, ama kama nitrati iliyozama na mvua chini ya kina ulichochimba, ama kama gesi baada ya bakteria kuila nitrati kwenye udongo uliojaa maji. Isotopu inakuambia zimetoka, haikuambii zimepita mlango gani. Wanaoandika "asilimia 29 imepotea kama amonia" bila kupima amonia wanabahatisha.

Kutafuta kilo hizo 18 ardhini si kazi ndogo. Tabaka la sentimita 20 za juu, lenye gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, lina uzito wa tani 2,600 kwa hekta. Kama nitrojeni yake ni asilimia 0.12, hizo ni kilo 3,120. Kilo 18 za mbolea humo ndani zinainua N-15 kwa asilimia 0.027 tu, kutoka 0.366 hadi 0.393 hivi. Spektromita nzuri ya tungamo, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake, inaiona tofauti hiyo bila shida. Ila udongo mwingi wenyewe huwa na N-15 iliyozidi ya hewa kidogo, tuseme 0.369, na usipopima udongo usio na alama wa shamba hilohilo, ukatoa 0.366 ya kitabuni, umeshajiongezea kosa la asilimia 10 au zaidi kabla hujaanza. Kwa sababu hii wanaotaka kufuata mbolea udongoni hununua urea ya asilimia 10, na wanaotaka mmea peke yake wanatosheka na 5 au hata chini ya hapo.

Na mbolea iliyobaki udongoni haijafa. Ufaransa, watafiti walitia alama mbolea ya nitrati mwaka 1982 kwenye vyombo vikubwa vilivyojazwa udongo wa shamba, wakalima ngano na viazisukari, wakafuatilia kwa karibu miongo mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha mazao yalichukua asilimia 61 hadi 65 ya mbolea ile kwa jumla ya miaka yote, asilimia 12 hadi 15 ilikuwa bado imeshikwa na mboji ya udongo, na asilimia 8 hadi 12 ilikuwa imeshuka kuelekea maji ya chini. Mbolea ya msimu mmoja, robo karne baadaye, bado iko shambani. Udongo wetu wa joto humeng'enya mboji haraka zaidi, usichukue namba hizo ukazibandika Mbozi, lakini thesis ya msimu mmoja isijifanye imeona mwisho wa safari.

Sasa shamba lenyewe, na hapa bajeti ndogo si kikwazo kama unavyodhani, kwa sababu hutii alama ploti nzima. Ndani ya ploti ya kawaida unapima ploti ndogo. Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mistari mitatu yenye mashina sita kila mmoja inakupa mita 2.25 kwa 1.8, karibu mita za mraba 4. Kwa kilo 60 kwa hekta, eneo hilo linahitaji gramu 24 za nitrojeni, yaani gramu 53 za urea. Marudio manne hayafikii robo kilo. Mashina 18 yanapata gramu 2.9 kila moja, na kila dozi ipimwe kwa mizani ya maabara, ifungwe kwenye pakiti yake mapema. Usipime kwa kifuniko cha soda kama tunavyowafundisha wakulima. Kwao kinatosha, kwako hapana.

Wengi huyeyusha urea yenye alama kwenye maji ili kila shina lipate sawa. Ni vizuri kama swali lako linaruhusu. Lakini kama unataka kujua hatima ya urea ambayo mkulima anaimwaga kavu juu ya ardhi, ukiiyeyusha inazama moja kwa moja na upotevu wa amonia unapungua, na utakuwa umepima kitu ambacho hakuna anayekifanya. Tumia punje kavu za urea, na iga mikono ya mkulima.

Uvune mashina ya katikati tu ya mstari wa katikati, manne au mawili. Yale ya pembeni yana mizizi iliyovuka mpaka kwenda kunywa urea isiyo na alama, na ya jirani imeingia kwako. Majani yanayokauka na kuanguka kabla ya mavuno yaokotwe, nayo yana nitrojeni. Na baada ya mavuno uwe macho. Kwenye vijiji vingi mifugo huachiwa mashamba mara mahindi yakitoka, na mabua yako yenye alama yanaweza kuondoka tumboni mwa mbuzi wa jirani na kurudi kama samadi kwenye ploti usiyoitaka. Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji kabla, na usitumie eneo hilo kwa jaribio lingine la N-15 kwa misimu kadhaa.

Kukausha ni nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike. Kusaga ndiko kunakoua data nyingi kuliko kitu kingine chochote. Maabara itapima miligramu chache tu zilizofungwa kwenye kikapsuli cha bati na kuunguzwa, kwa hiyo unga uwe laini mno na uchanganyike kabisa, la sivyo miligramu hizo haziwakilishi shina lolote. Saga kwanza sampuli zisizo na alama, kisha zenye alama kidogo, mwisho zenye alama nyingi, na usafishe kinu kila baada ya sampuli. Vumbi la mabua yenye asilimia 2 likibaki kinuni linaipandisha ploti isiyo na mbolea hadi ionekane nayo imepata. Nimeona seti nzima ya takwimu ikitupwa kwa sababu msaidizi alisaga kwa mpangilio wa namba za mifuko. Punje na mabua zisagwe na zipimwe mbalimbali, kama tulivyofanya kwenye hesabu juu.

Maabara nyingi zenye spektromita hizi ziko nje ya nchi. Mimea iliyokauka husafiri kirahisi zaidi kuliko udongo, na nchi nyingi hudai kibali kabla ya kupokea udongo wa kigeni, ulizia mapema. Na uiambie maabara kwamba sampuli zako zina alama na kiwango unachokitarajia. Mashine inayopima viwango vya asili ikipokea sampuli ya asilimia 2 bila taarifa, inaharibu kazi za watu wengine, na hawatakusahau.

Kwa mbaazi huhitaji kununua mbolea yenye alama. Unaweza kutumia N-15 ya asili, kwa kuwa udongo mwingi una N-15 kidogo zaidi ya hewa, na mmea unaokula hewa kupitia vinundu vya mizizi unafanana na hewa. Tofauti hizi hupimwa kwa sehemu za elfu juu au chini ya hewa, hewa yenyewe ikiwa 0. Tuseme mmea wa rejea usiofunga nitrojeni, uliokua hapohapo, una 6, mbaazi zina 0.5, na mbaazi zilizokuzwa kwenye mchanga usio na nitrojeni kabisa zina −1. Toa 0.5 kwenye 6, unapata 5.5. Toa −1 kwenye 6, unapata 7. Gawa 5.5 kwa 7: asilimia 79 ya nitrojeni ya mbaazi imetoka hewani. Udhaifu uko kwenye mmea wa rejea. Mbaazi zina mizizi mirefu na hukaa shambani miezi mingi baada ya mahindi kuvunwa, kwa hiyo mahindi peke yake ni rejea mbovu. Chukua na magugu mawili matatu ya majani mapana yaliyo karibu. Asilimia kubwa isikulevye pia. Utafiti uliofanywa kwa njia hii kwenye mashamba ya wakulima Gairo na Babati, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta mbaazi zikifunga kuanzia kilo 6 hivi hadi 71 hivi za nitrojeni kwa hekta. Mbaazi iliyodumaa inaweza kupata karibu yote hewani na bado ikaliachia shamba kiganja tu.

Minjingu sasa, na hapa jibu ni hapana. Fosforasi ina isotopu thabiti moja tu, P-31. Huwezi kutia alama kwa kuongeza kitu ambacho tayari ni asilimia 100. Wanaofuatilia fosforasi hutumia P-32, inayopungua nusu kila siku 14.3, au P-33, kila siku 25 hivi, na hizo ni za mionzi kweli. Zinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chumba maalumu na mafunzo. P-32 baada ya siku 100 imebaki chini ya asilimia 1, kwa hiyo kazi nyingi hufanyika kwenye vyungu na kwa wiki chache. Kwa fosfeti ya mwamba kama ya Minjingu hawatii alama mwamba wenyewe. Wanautia alama udongo, kisha wanaangalia fosforasi ya mwamba inavyoipunguza nguvu alama hiyo ndani ya mmea. Ni njia nzuri, lakini si ya mwanafunzi mmoja mwenye bajeti ndogo, na si ya shamba la mtu.

Virutubisho vingine vina bahati zaidi. Salfa ina S-34, kalsiamu ina Ca-44, zinki ina Zn-67 na Zn-70, zote thabiti. Zinki inavutia watu kwa sababu ya lishe: ukipulizia jani zinki yenye alama unaweza kuona kama imefika kwenye punje au imebaki jani. Bei yake kwa gramu inatisha, ila unatumia miligramu.

Kuhusu pesa, nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo pamoja na FAO limekuwa na kitengo cha pamoja cha kilimo tangu 1964 na maabara Seibersdorf, karibu na Vienna, inayopokea watafiti wa Afrika kwa mafunzo ya kazi hii hasa. Maombi hupitia Tume ileile ya Atomiki. Hayaendi haraka, kwa hiyo ulizia kama chuoni kwenu kuna mradi unaoendelea ujiunge nao kuliko kuanzisha wako. Ikikulazimu kupunguza gharama mwenyewe, punguza idadi ya viwango vya mbolea, au acha kupima udongo chini ya sentimita 40 na useme wazi kwenye thesis kwamba hukupima. Marudio usiyaguse: manne ni ya chini kabisa. N-15 ya mashina manne katika ploti mbili zinazofanana inaweza kutofautiana kuliko ulivyozoea kuona kwenye mavuno, na ukibaki na marudio mawili hutajua kama 41 yako ni 41 au ni 30.